Pont ya Marceline

Watu wa kwetu wakitaka kumwibia mjane hawaji na panga. Wanakuja mchana kweupe, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, wanasali Baba Yetu mpaka amina, halafu wanauliza spana iko wapi. Hivyo ndivyo ndugu zangu wa damu walivyomfanyia Marceline Kapya, mke wa marehemu kaka yangu Liévin. Mimi naitwa Agnès Chola. Ni wa ukoo uleule uliofanya kitendo kile, na asije mtu kuniambia kwamba mambo ya nyumbani hayasemwi nje. Lori la Marceline walilifungulia nje, kando ya barabara, kila mpita njia akitazama. Kwa hiyo na mimi nasema nje.

Kwanza mumjue mwenyewe.

Marceline alizaliwa Pweto, pale ziwa Mweru linapoishia upande wa kaskazini. Mama yake alikuwa anakausha samaki, na mtoto alijua kumgeuza samaki juu ya moshi kabla hajajua kuandika jina lake. Alipokuwa msichana alianza kuleta chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, kuja kuuza hapa Lubumbashi. Alisafiri juu ya malori ya watu, amekaa juu ya magunia yake, jua lake, mvua yake. Dereva akisema wanawake washuke wasukume, anashuka anasukuma. Dereva akipata njiani mzigo wa mtu mkubwa, anamshusha Marceline na magunia yake porini, naye anangoja lori jingine huku akifukuza mbwa wa kijiji. Ni huko porini ndiko alikoapa kwamba atakuwa na lori lake na usukani ataukalia yeye mwenyewe. Alipolisema hilo sokoni watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke na lori, wapi na wapi!

Kaka yangu Liévin alikuwa fundi. Gereji yake ilikuwa kiwanja kisicho na paa huku Katuba, kimejaa magari yaliyomzidi umri. Wanaosema Marceline alikuja pale kutega mume ni waongo. Alikuja kutafuta lori. Aliona mzoga wa Bedford ambamo kuku walikuwa wanatagia, akauzunguka, akapiga teke gurudumu, akauliza mwenyewe ni nani. Aliununua kwa samaki wake. Narudia, maana hapa ndipo masikio ya ndugu zangu huziba: kuanzia taa za mbele mpaka ubao wa nyuma, Bedford ile ililipwa na chisense. Liévin aliweka mikono yake na ujuzi wake, na katika kulifufua lile lori wakazoeana, wakapendana, wakaoana kanisani mbele ya padri. Lori lilikuwa limetangulia ndoa.

Sasa niwaeleze pont, maana ugomvi wote ni wa pont. Kwetu hapa pont ni lile chuma zito linalolala chini ya gari kwa nyuma, kutoka gurudumu la huku mpaka la kule. Katikati lina tumbo kama chungu. Ndani ya tumbo kuna gurudumu dogo la meno linalozungushwa na injini, nalo linalizungusha gurudumu kubwa la meno ambalo mafundi wetu huliita couronne. Couronne ndiyo inayoyazungusha magurudumu ya nyuma. Bila pont injini inaweza kunguruma kutwa nzima na gari lisitoke kivulini.

Pont ya Bedford ilikuwa ya mbio. Kwenye tambarare ilikuwa raha, lakini ukiipakia magunia na kuipeleka kwenye vilima vya njia ya Pweto, injini ilikohoa kama mzee wa kifua, na lori likasimama katikati ya mlima. Marceline aliteseka na ile pont. Wakati huohuo baba yetu, mzee Chola, aliyestaafu kazi ya reli, alikuwa na Chevrolet ya zamani ya mizigo aliyoipenda kuliko sisi watoto wake. Kazi ya Chevrolet ilikuwa kumpeleka baba misa ya Jumapili na kumrudisha. Lakini pont yake ilikuwa imetengenezwa kwa mizigo mizito: ina nguvu za ajabu na haina haraka hata kidogo. Baba alikuwa anapitwa na baiskeli njiani, na watoto wa shule ya katekisimu walimpungia mkono wakimwacha. Aibu hiyo ilimkaa rohoni.

Ni baba mwenyewe aliyelizungumza. Nilikuwepo, nilikuwa nachambua mboga, na mama yetu alikuwepo.

“Marceline, mwana,” alisema, “pont yangu iko na nguvu, lakini inatembea sawa muntu mwenye kufuata jeneza. Yenu inakimbia, lakini haipande mulima. Mubebe yangu, munipe yenu. Shiye bote tutakuwa bien.”

Marceline alimpigia baba magoti akashukuru, na baba akampa mkono. Hakuna aliyeazima wala aliyeazimwa. Walibadilishana, mkwe na mke wa mwanawe, watu wazima wenye akili zao.

Kazi ya kubadilisha haikuwa ya mchezo. Gari la kabila hili halikubali kirahisi kiungo cha gari la kabila lile. Chini ya gari kuna springi, ressort kwa mafundi wetu, na springi hukalia vyuma bapa viwili vilivyoshikamana na pont. Liévin alivikata vile vya Chevrolet, akavilehemu upya juu ya pont, pale springi za Bedford zilipotaka, na Marceline ndiye aliyekuwa anavishika kwa koleo huku amegeuza uso asichomwe macho na mwanga. Shafti inayotoka kwenye injini mpaka kwenye pont ilikuwa fupi, ikabidi iungwe. Na matundu ya magurudumu hayakulingana, kwa hiyo tangu siku hiyo Bedford ilitembea na magurudumu ya mbele ya aina yake na ya nyuma ya aina nyingine, na Marceline akawa anabeba matairi mawili ya akiba, moja la mbele na moja la nyuma. Watu wa njiani walimtania kwamba lori lake ni la mchanganyiko, mama Mwingereza baba Mwamerika. Yeye alijibu kwamba hata watoto wa mchanganyiko wanapanda milima.

Na kweli lilipanda! Lilikuwa linapanda polepole, limejaa mpaka juu, likiyapita malori mapya yaliyosimama kando na boneti zao wazi. Baba naye, na pont ya Bedford chini ya Chevrolet yake, alianza kuzipita baiskeli akipiga honi bila sababu. Padri alimwomba apunguze mwendo karibu na kanisa. Sijawahi kumwona baba amefurahi vile.

Miaka mingi Marceline aliishi kwa lile lori. Alivua viatu akiendesha, kwa sababu alisema mguu mtupu unasikia gari linachosema. Alijua kila daraja baya na kila mama mwenye mkahawa kati ya hapa na Pweto. Wanawake wenye magunia aliwapakia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa ashuke porini. Binti yake Deborah anasoma chuo kikuu, pale Kasapa, na karo yake imetoka katika mgongo wa lile lori. Liévin alibaki gereji, anatengeneza, anamngoja mke wake arudi, anamsikia tangu mbali kwa sauti ya pont. Kuna wanaume walimcheka kwa hilo. Liévin alikuwa hasikii.

Baba akafa, Mungu amrehemu. Chevrolet ikabaki katika kiwanja cha ukoo, anakokaa mdogo wetu Dédé. Dédé ni kitinda mimba, alilelewa na mkate wa siagi wakati sisi tulikula bukari, ugali wetu, na majani ya mihogo, na mpaka leo anaamini kila kilichomo duniani kiliwekwa pale ili yeye akipitie. Haukupita muda akawaita wale wanunuzi wa vyuma chakavu, mitraille kama tunavyosema hapa. Wakaikatakata Chevrolet ya baba kwa moto, wakaipakia vipande vipande. Ndani yake mlikuwamo pont ya Bedford, ile Marceline aliyomkabidhi baba. Hakuna aliyemuuliza Marceline. Naye hakudai. Alisema mzee ameshalala, chuma ni chuma. Jambo hilo mlishike, kwa maana ndugu zangu walilisahau mapema sana.

Mvua za mwaka jana zilimkuta Liévin mgonjwa wa kifua, na zilipokwisha hakuwepo tena. Sitasema mengi, bado linaniuma. Marceline alikalia mkeka kama desturi inavyotaka. Kwetu mjane aliye katika kilio hapazi sauti, hatembei hovyo, habishani na ukoo wa mume mpaka siku ya kumaliza kilio. Desturi hiyo iliwekwa ili aliyefiwa aachwe apumzike. Ndugu zangu waliona ni nafasi nzuri ya kumnyang'anya mtu asiyeweza kupiga kelele.

Walikuja asubuhi. Dédé mbele, nyuma yake Guelord, fundi rafiki yake, na jeki mbili. Baba mdogo Chishimba, mkubwa wa ukoo tangu baba afe, aliletwa akakalia kiti ili mambo yaonekane ya heshima. Wakasali. Ndiyo, walisali! Halafu Dédé akasema:

“Hii pont ni ya papa yetu. Liévin aliibebaka tu. Sasa Liévin hayiko tena, kintu ya papa inarudia ku bana ba papa.”

Nilidhani sikusikia vizuri. “Dédé, we! Papa aliitoaka ye mwenyewe! Balibadilishana! Nilikuwaka pale!”

“Yaya Agnès,” alisema, akiniita dada mkubwa kama kawaida, “we uliolewa. Hii ni mambo ya nyumba ya ba Chola.”

“Na miye nilizaliwa fasi gani? Ku soko?”

Baba mdogo Chishimba aliinua fimbo yake. “Agnès, nyamaza. Mwanamuke haingilake mu mambo ya byuma.”

Mwanamke haingii katika mambo ya vyuma! Na huyo aliyekaa pale kwenye mkeka, aliyeshika koleo wakati wa kulehemu, aliyebadilisha matairi kwenye tope la barabara ya Pweto, yeye ni nani? Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Dédé alikuwa na lori lake bovu la kubebea kreti za bia, pont yake ilikuwa imesaga meno, na huo ndio uliokuwa uchungu wake wote wa urithi. Guelord alikwishaingia chini. Walipomaliza, Bedford ilibaki imekalia magogo, matako wazi, kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani.

Nilikwenda nikapiga magoti karibu na Marceline. Nilimwambia twende kwa wakubwa wa serikali, twende popote. Alinishika mkono mimi wifi yake.

“Mulamu, baache,” alisema kwa sauti ya chini. “Kilio ikiisha njo nitasema.”

Huko Pweto magunia yake yalikuwa yanamngoja, na chisense hawangoji mtu. Unyevu ukiwaingia wanaota ukungu. Deborah alikuja kutoka Kasapa akasema ataacha masomo. Mama yake alimtazama tu, na mtoto akarudi darasani. Jioni za siku zile wakubwa wa ukoo waliponiambia kwamba damu ni nzito kuliko maji, niliwajibu kwamba mafuta ya pont ni mazito kuliko vyote viwili, na ndiyo waliyopaka dhamiri zao.

Ikafika siku ya kumaliza kilio. Tulitoka misa, tukaja katika kiwanja cha ukoo. Desturi ni kwamba mjane anavuliwa nguo nyeusi na kuvalishwa kikwembe, yaani kitenge kipya kilichonunuliwa na ukoo wa mume, na anayemvalisha ni dada wa marehemu. Kwa hiyo ni mimi niliyemwogesha na kumfunga kikwembe kile. Kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo, cha manjano na maua ya bluu, na baba mdogo Chishimba alikuwa amekisifu mbele ya wageni mara ngapi sijui, kana kwamba alikifuma mwenyewe. Marceline alitoka nje, akina mama wakapiga vigelegele.

Dédé alikuwa na mpango wake. Baada ya kula, wakubwa waende makaburini kuweka maua, na waende kwa lori lake, “na pont ya papa,” ili watu wote waone urithi umerudi nyumbani. Guelord alikuwa amemaliza kazi asubuhi ileile, kwa haraka, jasho linamtoka. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia? Walikuwa wameliinua gari kwa jeki, wakawasha, wakatia gia, magurudumu ya nyuma yakazunguka, Dédé akapiga makofi. Wakalishusha hapohapo lilipokuwa, pua ikielekea lango, nyuma yake jiko la wapishi.

Dédé alipanda. Baba mdogo Chishimba akapanda kando yake na suti yake na ua kifuani. Injini ikaunguruma. Dédé akatia gia ya kwanza, akaachia klachi kwa madaha, macho yake yakitazama lango.

Lori likarudi nyuma.

Akina mama wa jikoni walikimbia na watoto. Sufuria ya bukari ikapinduka, viti vya kukodi vikalia chini ya tairi. Dédé alipiga breki, akatazama gia yake, akatia ya pili. Lori likarudi nyuma kwa kasi zaidi na kuivunja meza ya vinywaji. Katika kuchanganyikiwa akatia gia ya kurudi nyuma, na hapo ndipo likaruka mbele, likasimama karibu kuligonga lango.

Kwetu kwenye kilio wajukuu wana ruhusa ya kumtania marehemu, babu wanayemwita nkambo, na wafiwa, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Kiki, binti mmoja wa upande wa wajukuu, mdomo wake hauna komeo, alipanda juu ya kiti kilichobaki.

“Nkambo Liévin anakatala!” alipiga kelele. “Anasema: murudishe kintu ya bibi yake!”

Watu waliangua kicheko, halafu kicheko kikafa. Wazee hawakucheka. Baba mdogo Chishimba alishuka akitetemeka, ua limemdondoka, akajifanyia ishara ya msalaba. Alisema pont itoke leo hii, arudishiwe mjane, marehemu hajalala. Dédé alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Mimi nilifurahi, tena sana. Nilisema moyoni: haki ilishindwa, basi woga ufanye kazi yake.

Ndipo sauti ya mwanamke mmoja wa ukoo ikatoka nyuma ya umati.

“Mufu hafanyake vile ye peke. Kuko mwenye kumutuma.”

Macho yote yalimgeukia Marceline, na furaha yangu ikaniganda kifuani. Mnajua neno hilo linampeleka wapi mjane. Leo watamrudishia pont kwa hofu. Kesho mtoto fulani akipata homa, watasema ni yule anayetuma wafu. Nimewaona wanawake waliofukuzwa na kikapu kimoja kwa maneno madogo kuliko hayo. Nilianza kusogea nisimame mbele yake.

Marceline hakuningoja. Alitembea mpaka kwenye lori, akainama, akatazama chini kwa nyuma. Alipoinuka alikuwa anacheka, kicheko cha kwanza tangu azike.

“Musiogope,” alisema. “Liévin analala mu kaburi yake, hana na mambo na nyiye. Papa Chishimba, inama uone. Hii bintu ya bapa, njo fasi ressort inakaalaka. Liévin aliisoudaka huku ku mugongo ya pont, sababu mu Bedford ressort inapita juu. Miye mwenyewe nilikuwa nashika na koleo. Mu kamyo ya Dédé ressort inapita chini. Guelord aliona hazipatane, akageuza pont yote, mugongo chini. Ukiigeuza vile, couronne inahama upande, mipira inazunguka kinyume. Unatia ya kwanza, unarudia nyuma. Mufu hayiko mule. Mule muko mafuta.”

Ni kweli, na baadaye mafundi wengine wote walisema vilevile. Aliyekuwa na lori la Dédé kabla yake alikuwa amepitisha springi chini ya pont ili kitanda cha mizigo kishuke na kreti zipakiwe kwa urahisi. Kazi ya haki ilikuwa kukata vile vyuma bapa na kuvilehemu upya upande wa pili. Guelord aliona uvivu.

“Mais juu ya jeki ilizunguka,” Guelord alijitetea.

“Ilizunguka, ndiyo,” Marceline alisema. “Uliangalia inazunguka kuenda wapi?”

Hapo kicheko kilirudi, hata wazee walicheka. Mambo ya kutuma wafu yakayeyuka, yule mwanamke wa nyuma akajifanya anatafuta kiatu. Nikapumua.

Lakini mnamjua Dédé? Rangi ilimrudia usoni, akajipangusa, akatabasamu.

“Kumbe njo vile tu! Basi haina shida. Guelord atakata bile byuma, atasouder upande ingine, kesho tunatembea.”

Na baba mdogo Chishimba, aliyekuwa anatetemeka sasa hivi, akatikisa kichwa kukubali! Maadamu marehemu hayumo, pont ibaki. Yaani mke wa kaka yangu alikuwa ametoka kuwaondolea hofu, amewasomesha bure, na malipo yake ni kuporwa mara ya pili. Fadhila ya punda ni mateke. Sikuweza tena. Nilimshika Dédé ukosi wa shati lake jeupe.

“Dédé! Pont ya Bedford iko wapi?”

“Pont gani?”

“Ile Marceline alimupatiaka papa! Ile ilikuwa chini ya Chevrolet! Iko wapi?”

Alitazama huku na huku. “Yaya, ile ilikuwa mitraille.”

“Ya bantu ni mitraille, ya kwako ni héritage?”

Mkuki kwa nguruwe! Niliwageukia wote, nikasema kila kitu: baba alivyozungumza kwa kinywa chake, mkono alioutoa, Chevrolet ilivyokatwa na nani aliyeiuza. Mama mzee mmoja, jirani yetu tangu zamani, aliitikia kwa nguvu kwamba yeye pia alimwona baba akizipita baiskeli na akajua sababu yake. Watu wakaanza kunung'unika, na minung'uniko haikuwa upande wa Dédé.

Baba mdogo Chishimba ana pua ya kunusa upepo. Alikohoa, akagonga fimbo chini.

“Bien. Famille inasikia. Juu ya amani, tunamusamehe Marceline. Ataibeba ile pont. Mais aombe kwanza. Apige magoti, aombe famille, sawa vile desturi iko.”

Na watu wakapiga makofi! Nilitazama mikono ile nikatamani kuipiga mijeledi. Wanamsamehe! Amekosa nini? Amekosa kwa kununua lori? Kwa kulilehemu? Kwa kukaa kimya kwenye mkeka wakati wanamfungulia nati? Mwizi anakamatwa na kuku mkononi, halafu anamsamehe mwenye kuku, na mtaa mzima unamwona ana busara. Nilifungua mdomo, Marceline akaniwekea mkono begani kunipita.

Alikwenda taratibu mpaka nyuma ya lori. Guelord alikuwa amesimama pale na spana yake. Marceline akaichukua mkononi mwa Guelord bila kuuliza. Akapiga magoti. Baba mdogo Chishimba akajinyoosha, akaandaa uso wa kupokea maombi.

Marceline akalala chali, akajisukuma kwa visigino, akaingia chini ya lori na kikwembe chake kipya, cha manjano na maua ya bluu. Miguu yake tu ndiyo iliyobaki nje, mitupu, kama anavyoendesha. Mafuta meusi yalianza kudondoka. Tuliyaona yakishuka kwenye maua, doa moja, jingine, jingine.

“Marceline!” baba mdogo Chishimba alipiga kelele. “Hiyo ni kikwembe ya famille!”

Sauti ya Marceline ilitoka chini ya lori, haikuwa na hasira hata kidogo. Hasira yote nilikuwa nayo mimi.

“Kikwembe yenu nitaivula, papa, mutaibeba. Pont ni yangu. Naibeba miye.”

Halafu tukasikia nati ya kwanza ikilia.